Tunapowaambia watoto wetu "usicheze na yule", yule anakwenda kucheza na nani?

Shangazi wa Wete (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko nje. Uzi mrefu huu mnisamehe, nimekaa nao moyoni tokea mwezi uliopita na leo watoto washalala ndio napata nafasi.

Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi huku mjini Unguja ila kwetu khasa ni Wete, Pemba. Miaka miwili iliyopita nilimchukua mtoto wa kaka yangu, wakati ule ana miaka minane. Wazee wake waliachana yeye ana miaka minne, mama akaolewa Tanga, baba akenda Maskati kutafuta maisha, mtoto akabaki kwa bibi yake, yaani mama yangu mimi. Wengi wenu mnaijua hadithi hii mana kila ukoo kwetu una mtoto wa namna hii, si wa kwa baba si wa kwa mama, yuko kwa bibi, na Alhamdulillah analishwa, anavishwa na anapendwa. Lakini bibi akawa ananipigia simu analia. Mtoto kanshinda. Chuoni kusoma Kurani haendi, akenda anapigana, pesa ya sukari ukiiweka juu ya kabati huikuti, wenzake wakimuona tu wanakusanya gololi zao wanaondoka.

Kabla ya kumchukua nilikaa Wete wiki nzima natizama tu, sikutia neno. Saa nane mchana bibi anamwambia vaa kanzu uende chuoni. Kimya. Anarudia. Mtoto anasema tumbo linamuuma. Bibi anasema hilo tumbo kila siku saa nane, hebu nenda. Hapo mtoto analala sakafuni anapiga miguu, kofia anaivurumisha huko, mayowe mpaka majirani wanachungulia dirishani, na bibi mtu mzima ana presha anasema haya basi kaa, leo usende. Papo hapo kilio kimekatika! Dakika tano hazijafika yuko nje anacheza. Kesho yake yale yale, ila siku hio bibi kaamka na maumivu ya miguu, akavua kandambili akamchapa nayo mpaka mtoto akakimbilia chuoni analia.

Sasa nkakaa nkafikiri. Siku ya kwanza mtoto kajifunza kwamba mayowe yanalipa. Siku ya pili bibi kajifunza kwamba kandambili inalipa. Siku ya tatu mtoto kaanza moja kwa moja na mayowe makubwa, na bibi naye hakuanza na maneno tena. Wanafundishana wenyewe kwa wenyewe na hakuna hata mmoja aliyekusudia, bibi anampenda mjukuu wake kuliko roho yake na mtoto naye usiku hapati usingizi mpaka ashike nguo ya bibi.

Baadae katika kusoma nkakuta kuna mtaalamu wa Marekani, Gerald Patterson, kule Oregon, yeye na wenzake walikuwa wanakwenda majumbani mwa watu wanakaa na kuandika nani kasema nini na mwenzake kajibu vipi, wakakuta kitu hichi hichi nilichokiona ukumbini kwetu. Ugomvi mdogo mdogo mara nyingi kwa siku, kila mmoja anamnyamazisha mwenzake kwa kuongeza ukali, na aliyezidisha ndio anashinda. Mtoto akishazoea hivo anatoka nao nje. Mwenzake akimnyima kalamu anasukuma, mwalimu akimwita anajibu vibaya, mana kwao ndio njia inayofanya kazi na nyengine hajaonyeshwa.

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na watu wengi wanaichukua kama ruhusa ya bakora. Mama yangu alikuwa anamchelea kulia siku nne, siku ya tano anampiga, na ile siku ya tano haikuziba zile nne, ilizidi kuzichimba.

Basi nkamleta Unguja. Nyumbani kwangu nilijitahidi, nitaeleza chini kama mtapenda. Lakini nje ndipo nilipoumia. Wiki ya kwanza tu alipiga mtoto wa jirani kwa ajili ya baskeli, wiki ya pili mtaa mzima ukajua. "Usicheze na yule Mpemba, mkorofi." Nilisikia kwa masikio yangu mwanamke ninayemkopesha sukari anamwambia mwanawe vile, na mie niko nyuma ya ukuta naanika nguo. Sikumlaumu, mana na mie nimeshasema maneno hayo hayo kuhusu watoto wa watu, mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza yule mtoto akishaachwa anakwenda wapi.

Ntawaambia anakwenda wapi. Wiki tatu alikaa mlangoni anatizama wenzake wanavyocheza. Wiki ya nne alikuwa na marafiki. Watatu, nyuma ya duka, karibu na maskani ya vijana wakubwa. Mmoja anaishi na baba wa kambo hawaelewani, mmoja kashafukuzwa chuo mara mbili, wa tatu sijui kwao wapi mpaka leo. Hakuna aliyewakusanya, kila mmoja kafukuzwa kwa wakati wake na wote wakaangukia pahala pamoja. Na pale wanacheka. Mmoja akisimulia alivyomjibu mwalimu wanacheka mpaka wanajishika mbavu, akisimulia kwamba leo kapata alama nzuri hakuna anayesikiliza. Kicheko ndio mshahara wa pale.

Na hili limechunguzwa. Mwanafunzi wa Patterson, Thomas Dishion, aliwarikodi kwa video wavulana wa miaka 13 na 14 wawili wawili wakizungumza, akatizama wanachekelea nini. Wale waliokuwa wakichekeana kwa hadithi za kuvunja sheria ndio ambao baadae makosa yao yaliongezeka. Hawakushawishiana kwa maneno ya kusema twende tukaibe, walichekeana tu, basi inatosha.

Swali langu kwenu wazazi wenzangu: tufanyeje na yule mtoto ambaye sote tunawakataza wetu wasicheze naye? Nasubiri.

Mama Watatu

Dada nimesoma mpaka mwisho na nimeumia ila nitasema ukweli wangu. Mie ni katika hao wanaosema usicheze na yule na sijuti. Mwanangu ana miaka saba, alicheza na mtoto mmoja mtaani kwetu Mwanakwerekwe mwezi mmoja tu akarudi na matusi ambayo mie mwenyewe nimeyasikia ukubwani, akamtukana dada yake mbele ya babu yake. Utanambia nini? Nimuache aende kumlea mtoto wa mtu? Yeye mwenyewe bado analelewa. Nakuhurumia wewe na yule mtoto lakini wangu nitamlinda kwanza.

Baharia

Mwalimu mie sijui kuandika sana ila umenigusa. Mie ndio nilikuwa yule mtoto. Kwetu kaskazini Unguja, baba alikuwa anakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi, akirudi ni fimbo mana mama keshamwekea hesabu ya makosa yangu yote tokea alipoondoka, kwa hio mie nilikuwa naijua fimbo ya baba kuliko ninavyomjua baba, na skuli nilikuwa nakaa nyuma peke yangu na watoto wa jirani wakiniona wanaingia ndani, nkaenda kwa wavuta sigara pale ufukweni na nlikuwa na miaka kumi na moja, wale hawakuniuliza kitu walinipa nafasi nikakaa tu. Watu wanafikiri mtoto anafuata sigara. Nilifuata nafasi ya kukaa. Kilichonitoa ni mjomba, alinichukua kwenye chombo chake akawa ananipa kazi ya kweli, kamba hii shika wewe, na jioni ananiuliza leo umeonaje bahari, mtu mzima wa kwanza kuniuliza mie nimeonaje kitu.

Mzee wa Barza

Tatizo lenu kizazi cha sasa mnasoma vitabu vya wazungu. Sie tulilelewa na mtaa mzima. Ukikosea Mkunazini unachapwa Mkunazini, ukifika nyumbani habari ishafika unachapwa tena, na tumekuwa watu. Sasa hivi ukimgusa mtoto wa mtu mama yake anakuja na khanga kiunoni. Rejesheni bakora mtaona.

Shangazi wa Wete

Ahsanteni sana. Baharia kaka yangu, maneno yako ya nafasi ya kukaa nimeyaandika kwenye daftari langu, na yamenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Mzee wangu shikamoo. Nakubaliana na wewe nusu na naomba ruhusa nikupinge nusu ya pili. Kweli mlilelewa na mtaa, lakini kumbuka yule mzee aliyekuchapa Mkunazini alikuwa anakujua jina, anamjua babu yako, na jioni anakugaia kipande cha boflo na kukutuma dukani kwa kukuamini na pesa yake. Siku hizi mtaa umebaki na bakora tu, kukujua na kukutuma na kukuuliza vimeondoka. Ndio mana haifanyi kazi. Na tena mtoto kupiga wenzake hakufundishwi: kuna mtaalamu wa Kanada, Richard Tremblay, alifuatilia watoto tokea udogo, akaona mtu anapiga na kusukuma zaidi akiwa na miaka miwili mitatu hivi kuliko umri wowote mwengine. Yaani sote tulianza na ngumi, na tunachofundishwa ni kuziacha. Sasa mtoto utamfundisha kuacha mkono kwa kumuonyesha mkono?

Mama Watatu, wewe ndio nataka kukujibu kwa kituo mana umesema ukweli na wengi hawasemi. Hufanyi kosa kumlinda mwanao. Sisemi mwache aende maskani. Nilichojifunza ni kwamba kuna tofauti kubwa baina ya mtoto wangu kwenda kwao na yule mtoto kuja kwangu. Akija uani kwangu mie nipo, nasikia tusi la kwanza, nasema hapa hatusemi hivo, na mchezo unaendelea. Wema ni wengi na mkorofi ni mmoja. Kule nyuma ya duka wakorofi wanne na mtu mzima hayupo.

Hesabu hio ya wangapi kwa wangapi msiidharau. Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 1939 walianza mradi wa kuwasaidia wavulana wadogo wasije kuwa wahalifu, 506, nusu yao wakapewa walezi wa kuwatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, kambi za likizo, kila kheri, na nusu wakaachwa kama walivyo ili walinganishwe. Miaka thelathini baadae mwanamama Joan McCord akawatafuta. Waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi! Walipochimba wakaona madhara yako khasa kwa wale waliopelekwa kambi zaidi ya mara moja, kambi ambako wavulana wanakaa wenyewe kwa wenyewe. Nilipolisoma nilifunga simu nikakaa kimya, mana mie darasani kwangu miaka yote nilikuwa nawakusanya watukutu dawati moja la mwisho ili wengine wasome. Nilikuwa najenga maskani ndani ya darasa kwa mikono yangu. Jumatatu iliyofuata niliwatawanya, kila mmoja baina ya wawili watulivu. Darasa halikuwa peponi, lakini kile kicheko cha nyuma kilikatika mana hakuna aliyebaki wa kukicheka.

Sasa mlioniuliza PM kuhusu nyumbani.

La kwanza niliacha kurudia rudia. Zamani nasema mara kumi nikiwa jikoni, mara ya kumi na moja nakuja na hasira, kwa hio mtoto alijua mara kumi za kwanza si kweli. Sasa naacha sufuria, nakwenda mpaka alipo, namshika bega, nasema mara moja, nasimama pale pale mpaka aanze. Akilia nimesimama. Sijibu kilio, sipandishi sauti, na wala siondoi nilichosema. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko Wete, msije mkasema sikuwaambia, mana mtoto akiona mayowe ya jana hayalipi kwanza anajaribu makubwa zaidi. Mume wangu siku moja alitaka kumwambia haya basi, nkamuomba kwa macho. Wiki ya tatu zikaanza kupungua.

La pili nililidharau na ndilo lililokuwa kubwa. Baba yake Maskati alikuwa anapiga simu Ijumaa, na kila simu ni nimesikia umefanya hichi, nimesikia umefanya kile. Mtoto akisikia simu ya baba anajificha chini ya kitanda. Nkampigia kaka yangu usiku nkamwambia, kaka, wewe uko mbali huwezi kumlea kwa simu, lakini unaweza kuwa mtu ambaye mwanao anatamani kumpigia. Muulize kuhusu mpira, muulize kala nini, makosa niachie mie. Alikasirika siku mbili. Akanifuata.

Na hapa kuna utafiti mmoja unanikaa kichwani. Watafiti wa Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, mwaka 2000 waliuliza, wazazi wanaojua watoto wao wako wapi na wanafanya nini, wanajuaje? Tulifikiri ni kwa kuchunga na kuhojihoji. Wakakuta sehemu kubwa ya wanachokijua wameambiwa na mtoto mwenyewe kwa hiari yake. Kwa hio mtoto aliyeacha kukusimulia, hata umfunge kamba huna khabari zake. Na mtoto anaacha kusimulia siku anapogundua kila anachosema kinarudi kwake kama fimbo, kama kwa Baharia, kwamba mama anaweka hesabu baba akirudi.

Muuguzi Chake

Mwalimu hongera, naongeza moja nalo ni zito. Kabla ya kusema mtoto kaharibiwa na marafiki au na malezi, tizameni lini kabadilika. Mtoto aliyekuwa mzima akawa mkali ghafla, au anakojoa kitandani wakati alishaacha, au hataki kwenda pahala fulani au kwa mtu fulani, msimchape, muulizeni kwa upole, mana huenda kuna mtu anamfanyia ubaya, na mara nyingi ni mtu anayeingia ndani kama jamaa. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vya kuwasaidia waliofanyiwa ubaya kama huo, vipo, Mnazi Mmoja kipo na huku Chake kipo, na namba ya simu ya mtoto ni 116, bure. Jamaa tunaficha kwa ajili ya aibu ya ukoo na mtoto anaitwa mtukutu mpaka anakua.

Shangazi wa Wete

Ahsante sana dada, nililiacha hilo na halikufaa kuachwa. Kila mzazi anayesoma uzi huu alisome mara mbili.

Mama Watatu

Nimerudi. Nimekaa na uzi huu tokea jana. Kuna kitu sikukisema mwanzo, yule mtoto wa matusi, mama yake anauza urojo mpaka saa nne za usiku na baba hayupo. Nilikuwa najua. Jana jioni nilimuona peke yake anapiga mpira ukutani na wangu yuko ndani anamtizama kwa dirishani, na wangu akanambia mama yule ndio anajua kupiga danadana thalathini. Sijui nifanyeje dada, kweli sijui, naogopa.

Shangazi wa Wete

Usianze na watoto kumi ndugu yangu, anza na mmoja na muda mfupi. Mie nilifanya hivi: nilimtafuta mtoto mmoja mtulivu wa nyumba ya tatu, nkenda kwa mama yake mwenyewe kwa miguu, nikamwambia bi mkubwa najua mwanangu ana mambo yake, naomba Ijumaa baada ya sala wacheze uani kwangu saa moja tu na mie niko pale nakuna nazi, siondoki. Akanitizama sana. Akakubali. Wakacheza keram, mara mbili wangu alitaka kurusha kete, mara mbili nkamwita aje anishikie mbuzi ya nazi mpaka atulie, halafu akarudi. Mwezi mzima Ijumaa ile ile. Mwezi wa pili yule mtulivu akaja na mdogo wake. Yule mwanamke wa nyuma ya ukuta naye mwanawe yupo sasa hivi, hatujazungumza lile jambo na sidhani kama tutazungumza.

Hajawa malaika, juzi kavunja ndoo ya maji ya jirani. Lakini kaja mwenyewe magharibi, kasimama mlangoni mwa jiko kabla sijasikia kwa mtu, anasema shangazi, nina kitu nataka kukwambia lakini usipige kelele. Sikupiga. Tulikwenda sote wawili kwa jirani na atalipa kwa kumchotea maji wiki nzima, keshachota siku tatu.

Mama Watatu

Ijumaa hii basi. Nimemwambia mama yake jana pale kwenye urojo, nilisimama mpaka wateja wakaondoka. Alidhani nimekuja kushtaki, alishaanza kuomba radhi kabla sijafungua mdomo. Dada hio keram mmenunua wapi?

Fundi Seremala

Mama Watatu keram msinunue, nipo Kwahani, nicheki PM nikuchongee.